Uta wa Waata na Sumu ya Mshale

Tangu darasa la kwanza tumefunzwa kwamba mwacha mila ni mtumwa. Je, msomaji mpendwa, mila ikipigwa marufuku na serikali, mwenyewe afanyeje? Swali hili limenisumbua tangu nilipoanza kuulizia habari za Waata, wawindaji wa nyika ya Tsavo.

Waata ni watu wachache wanaoishi bara ya pwani yetu, katika sehemu za Kilifi, Tana River na Taita-Taveta. Lugha yao ni jamaa ya Kioromo. Vitabu vya zamani huwaita Waliangulu, na wengine huwaita Wasanye. Zamani shamba lao lilikuwa pori. Waliwinda dikidiki, choroa, pofu na nyati, lakini mnyama aliyewapa sifa ni ndovu.

Basi tuutazame uta wenyewe. Usidhani ni ule wa kuchezea watoto! Kuuvuta mpaka mwisho kulihitaji nguvu ya paundi 100, na mwingine ulipita hapo. Hiyo ni zaidi ya uzito wa mitungi miwili ya maji ya lita 20, tena kwa vidole. Wataalamu wameulinganisha na nyuta kubwa za vita za Waingereza wa kale.

Wano, yaani ule mti wa mshale, lilitiwa manyoya ya ndege nyuma ili mshale uende sawa. Mbele kulikuwa na chembe cha chuma. Nyuma ya chembe ndipo ilipopakwa sumu, kisha ikazungushiwa ukanda wa ngozi ili isikauke wala isimdhuru mwenyewe. Mishale ilitiwa katika podo na kubebwa begani.

Lakini ukweli ni kwamba kilichomwua ndovu si chuma, ni sumu. Ilitoka katika mti ambao Wagiriama huuita mutsungu, nao Wagiriama walikuwa mafundi wakubwa wa kuipika. Ilichemshwa saa nyingi mpaka ikawa nyeusi na kunata kama lami. Ikiingia katika damu, huuvuruga moyo mpaka ukasimama. Ikipitia tumboni, nguvu yake hupungua sana, ndiyo sababu nyama ililiwa baada ya kukatwa sehemu ya jeraha. Ajabu ni kwamba kuna panya mmoja mwenye manyoya marefu ambaye hutafuna gamba la mti wa aina hiyo na kujipaka ubavuni, ili anayemwuma aone cha mtema kuni! Wanasayansi walilieleza jambo hilo mwaka wa 2011.

Sumu ilijaribiwaje? Mzee mmoja wa kwetu, aliyekuwa akifuatana na baba yake porini, alinieleza. Mtu hujichanja kidogo mkononi, damu ikateremka. Kisha hugusisha sumu kwenye ncha ya chini ya ule mchirizi. Sumu ikiwa kali, damu hugeuka nyeusi na weusi ule hupanda mbio kuelekea kidondani. Hapo ni kupangusa upesi! Ukichelewa, kwisha.

Halafu kuna kunyemelea. Mwindaji alirusha vumbi ajue upepo unakotoka, akamkaribia ndovu hatua chache tu, akalenga ubavu laini. Nilimwuliza mzee kama hawakuogopa. Akacheka: "Mjukuu wangu, watoto wakilia njaa, woga utauweka wapi?"

Mwaka wa 1948 Tsavo ikafanywa mbuga ya taifa. Mwindaji wa jana akawa jangili. Tusifichane, pembe nyingi ziliuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani, na ndovu wengi walikufa. Miaka ya 1956 na 1957 ikaja operesheni kubwa, na Waata wengi walifungwa. Baadaye wengine wao waliajiriwa kufuata nyayo, kwa ujuzi ule ule uliowapeleka jela. Mwaka wa 1977 uwindaji ukapigwa marufuku Kenya nzima. Hata hivyo bunduki hazikukoma. Ndovu wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka wa 1973, walibaki kama 16,000 kufikia 1989. Je, huo nao ulikuwa uta?

Mimi siombi marufuku iondolewe. La! Ndovu wetu na waishi. Lakini sheria imekataza kuua, haikukataza kujua. Wazee wanaojua mti gani wafaa uta, upepo wasemaje na unyayo ni wa lini, wanapungua kila mwaka. Hata Kiswahili chapoteza. Nilipouliza darasani maana ya podo, wano, chembe na upote, ni wawili tu walioinua mkono, na mmoja alikosea.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, likizo ijayo kila mmoja wetu akae na mzee wake, kalamu mkononi, aandike. Asiyekuwa na babu, aje nimpeleke kwa huyu wangu. Maneno anayo, tena bado hayajaisha.