Mgonjwa Wetu Hatapona: Tumkabidhi Nani?



Daktari akisema, "Mrudisheni nyumbani," familia nyingi husikia jambo moja tu: tumeachwa. Hapo haraka huanza. Mmoja anauza mahindi ya mgao ili amlipe mganga. Mwingine anatafuta gari la kwenda Kampala. Wa tatu ananyamaza. Na mgonjwa amelala kwenye mkeka, anang'ata shuka ili watoto wasimsikie akilia.

Makala hii ni yako wewe mwenye mgonjwa wa namna hiyo hapa Nakivale: saratani iliyoenea mwilini, UKIMWI uliofika mbali, figo au moyo ulioshindwa kazi. Ugonjwa unaweza kukosa dawa ya kuuponya, lakini maumivu yana dawa. Huduma ya kumtuliza mgonjwa wa aina hii huitwa tiba shufaa, na wanaoitoa wengi huwaita watu wa hospisi. Kabla hujamkabidhi mtu yeyote mgonjwa wako, soma kwanza.

HOSPISI NI NINI?

Wengi hufikiri hospisi ni nyumba ya kungojea kifo. Hapa Uganda hospisi kwa kawaida humfuata mgonjwa alipo. Shirika la Hospice Africa Uganda lilianzishwa Kampala mwaka 1993 na Daktari Anne Merriman. Mwaka 1998 lilifungua matawi mawili: Mobile Hospice Mbarara, upande wetu huu, na Little Hospice Hoima. Kazi yao kubwa ni kuwatembelea wagonjwa majumbani.

Watu wa hospisi hawaharakishi kifo, wala hawadai kukizuia. Wanaondoa maumivu, wanatuliza kichefuchefu na kikohozi, wanasafisha vidonda vyenye harufu, na wanazungumza na familia yenye hofu. Mgonjwa anayetumia dawa za ARV anaendelea nazo mpaka mhudumu wake aseme vingine.

MASWALI YA KUULIZA

1. Je, wanaweza kutoa dawa ya maumivu makali? Hili ndilo swali la kwanza. Panadol haitoshi kwa saratani iliyoingia kwenye mifupa. Uganda hutumia mofini ya maji, ya kunywa. Tangu mwaka 2004 sheria inaruhusu hata wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalum kuiandika, si madaktari peke yao. Serikali ndiyo huigharimia, kwa hiyo mgonjwa hailipii. Mtu akitaka kukuuzia mofini, muogope.

2. Je, watafika nyumbani, na baada ya siku ngapi? Kumbeba mgonjwa mwenye maumivu kwenye bodaboda ni mateso juu ya mateso. Kama hawawezi kufika mpaka kwenu, uliza watakutana nawe wapi, na kama ndugu anaweza kuchukua dawa kwa niaba ya mgonjwa.

3. Usiku nani atajibu? Maumivu hayangoji asubuhi. Omba namba ya simu na uiandike ukutani au kwenye daftari, mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaiona.

4. Je, wanasema ukweli? Mtu anayekuahidi kwamba saratani iliyoenea itaisha kwa wiki mbili anataka mgao wako. Mhudumu mzuri atakuambia anachoweza na asichoweza. Kusali na kuombewa hakuna ubaya, lakini asiyetaka mgonjwa atumie dawa ya maumivu huyo usimwachie mgonjwa.

5. Tutaelewana kwa lugha gani? Hapa tuna Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na nyingine. Tafadhali usimtumie mtoto kutafsiri. Si haki mtoto wa miaka 10 kuwa wa kwanza kusikia kwamba mama yake anakufa, kisha atafute maneno ya kumwambia. Omba mkalimani mtu mzima.

6. Je, watatufundisha? Wao watakuja na kuondoka, wewe utabaki. Wakufundishe kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya mgongo, kumsafisha kinywa, na kupima dawa.

WOGA WA MOFINI

Katika kutembelea nyumba tunasikia maneno mengi. "Hiyo ni dawa ya kumalizia watu." "Atakuwa mlevi." Ndugu, mgonjwa anayepewa mofini kwa kipimo sahihi kwa ajili ya maumivu hauawi nayo, na hageuki mlevi. Mara nyingi hulala, kisha huamka na kuomba uji. Siku za kwanza anaweza kusinzia sana. Hali hiyo kwa kawaida hupungua. Ukiona hawezi kuamshwa au anapumua polepole mno, usimpe kipimo kingine, na mwite mhudumu mara moja.

Shika mambo haya:
- Mofini ya maji kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4, kwa saa zilizopangwa. Usisubiri mgonjwa aanze kulia.
- Mofini hufunga choo. Uliza dawa ya kulainisha choo siku ile ile unayopewa mofini.
- Ipo ya nguvu mbalimbali, na rangi husaidia kuzitofautisha. Kwa hiyo usitumie chupa ya jirani, hata kama ugonjwa unafanana.
- Ifiche mbali na watoto. Ikibaki, irudishe kwa waliokupa.

PA KUANZIA

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, uwe Base Camp, Juru au Rubondo. Beba karatasi zote za hospitali na kadi ya familia. Sema wazi: "Mgonjwa wetu ana maumivu, tunaomba tiba shufaa." Uliza kama hapo kituoni yupo muuguzi aliyefunzwa kazi hii. Kama hayupo, omba barua ya rufaa. Fanya hivyo kabla hujakodi gari na kabla hujauza chochote. Kama huwezi kutoka nyumbani kwa sababu ya mgonjwa, mwite mhudumu wa afya wa kijiji chako aende kwa niaba yako.

MUULIZE MGONJWA MWENYEWE

Sisi tumezoea wazee wa familia kukaa nje na kuamua, mgonjwa yuko ndani. Lakini mwili ni wake. Muulize taratibu: Anataka kulala wapi? Nani amwogeshe? Nani asiingie? Anataka kujua kiasi gani juu ya ugonjwa wake? Wengine hujibu, "Sitaki kujua," na hilo nalo ni jibu la kuheshimiwa. Wengine wamejua siku nyingi, wananyamaza tu ili msihuzunike.

Kama ana watoto wadogo na hawana mzazi mwingine, kuna jambo la haraka. Aseme angali na nguvu watoto wabaki na nani, na familia iwajulishe wahusika wa ulinzi wa watoto na wa uandikishaji. Wengi wetu tuliwaacha ndugu zetu ng'ambo ya mpaka. Shangazi anayejulikana na familia nzima kule kwetu hajulikani na ofisi ya hapa, na mtoto asiyeandikiwa mlezi anaweza kuhangaika sana.

Na wewe jirani, usiseme tu "pole." Chota jerikani moja la maji. Kaa na mgonjwa saa moja ili anayemuuguza alale. Mtu anayeuguza peke yake naye huanguka, kisha nyumba hubaki na wagonjwa wawili.

Wahudumu wa afya wa kujitolea tunapita vijijini. Ukiwa na mgonjwa wa namna hii, tuite hata kama unamficha. Hatutakuuliza kwa nini ulichelewa. Tutakuuliza anaumwa wapi, na tangu lini.