Nanganga: Korosho yauzwa ingali mtini

MFANYABIASHARA anayetaka kuielewa bei ya korosho ya kusini asianzie Mtwara mjini, bandarini. Aanzie Nanganga, na afike huko mwezi Julai, wakati hakuna hata punje moja ya kuuza.

Nanganga ni kata ya Wilaya ya Masasi, katika bonde la Mto Lukuledi. Barabara kuu itokayo pwani kwenda Masasi hukutana hapo na ile ya Ruangwa. Korosho ya Newala ina njia yake ya juu, kupitia Tandahimba, lakini ya Masasi na ya Ruangwa iendayo bandarini hupita hapa. Kuanzia Oktoba malori hupishana, na kila mwenye duka, gesti au pikipiki hupata chake. Ila kwa mkulima asiye na akiba, bei ilikwisha kupangwa miezi mitatu au minne kabla ya mnada wa kwanza.

Kalenda ndiyo inayomponza. Kuanzia Mei hadi Agosti ni kupalilia na kupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa unaoua maua ya mkorosho. Vibarua hutaka pesa taslimu. Hicho pia ndicho kipindi cha jando na unyago, shughuli ambayo mzazi haiahirishi kwa sababu ya bei ya korosho. Pesa zinatoka miezi minne mfululizo, na haiingii hata senti.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa kangomba. Kangomba ni kununua kwa kipimo kisicho mizani, na siku hizi limekuwa jina la biashara nzima ya kununua korosho nje ya chama cha msingi, iwe kwa bakuli au kwa kuweka rehani mazao yaliyo bado mtini.

Hesabu yake ni rahisi. Tuchukulie mkulima amepewa sh. 1,500 kwa kilo mwezi Julai, na mnada wa Novemba ukafungwa kwa sh. 3,000. Mkopeshaji amepata faida ya asilimia 100 kwa miezi minne. Benki haitozi hivyo. Lakini ni benki gani iliyokuwa tayari kumkopesha mkulima yule Julai bila hati ya shamba? Mkopeshaji naye ana hatari yake. Mvua ikinyesha wakati wa maua, au salfa ikichelewa, deni lake liko juu ya mti mtupu, na kwa kuwa biashara yenyewe ni haramu hawezi kwenda mahakamani kudai. Sehemu ya faida ile ni malipo ya hatari hiyo. Nyingine ni shida ya mwenziwe tu.

Watu wengi hudhani tatizo la korosho ni mnunuzi, na kila kizazi kimebadilisha mnunuzi. Zama za ukoloni walikuwa wenye maduka, wengi wao Waasia, walionunua na kupeleka korosho ghafi India kubanguliwa kwa mikono. Vikafuata vyama vya ushirika, na mavuno ya nchi yakapanda hadi takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, mengi ya hayo yakitoka kusini. Kisha Operesheni Vijiji ikawahamisha wakulima mbali na mikorosho yao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, mamlaka ya serikali ikashika ununuzi wote, na ubwiri unga ukasambaa. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000.

Katika kipindi kile kile cha kuanguka, nchi ilikuwa inajenga viwanda vya kubangua kwa mikopo ya nje, Newala na Masasi vikiwemo, kwa mitambo ya Italia na Japani. Jumla vilikuwa 12, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Kiwanda kisicho na korosho ni deni lililoezekwa bati, na vingi vilifungwa.

Soko huria lilifika msimu wa 1991/92. Wanunuzi binafsi walikuja na magunia na noti, wakalipa siku ile ile. Mizani yao ilinung'unikiwa sana, na kwa haki, lakini kulipa papo hapo ni sifa ambayo wapinzani wao husahau kuitaja. Kufikia 1999/2000 mavuno yalivuka tena tani 100,000. Muda si mrefu bei ya dunia ikaporomoka, na mkulima akabaki peke yake mbele ya mnunuzi.

Stakabadhi ghalani iliyoanza Mtwara msimu wa 2007/08 ilimpa mkulima mnada, na hilo ni jambo kubwa. Walakini hapo mwanzo ililipa kwa mafungu. Alipokea kama asilimia 70 ya bei dira, kisha akasubiri salio. Aprili 2013, salio lilipokuja dogo kuliko matarajio, Liwale kulizuka fujo na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Hapo wakulima walikuwa wakigombania tarehe ya malipo na kiasi kilichoahidiwa, kuliko mfumo wenyewe.

Mwaka 2018 wakulima waligomea bei za minada, na Rais Magufuli akaamuru korosho inunuliwe kwa sh. 3,300 kwa kilo, jeshi likishika usafirishaji. Bei ilikuwa nzuri. Malipo yalitanguliwa na uhakiki, na mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuonyesha shamba lake ili watu wa kangomba wanaswe. Uhakiki ule ulivuta malipo hadi 2019. Huyo aliyesubiri mwezi baada ya mwezi, msimu uliofuata alihitaji kukopa kwa nani? Kwa yule yule aliyekuwa akisakwa.

Tangu 2024 minada huendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na bei ya kila chama huonekana hadharani. Ni hatua ya kusifiwa. Lakini mnada, hata uwe wa wazi namna gani, ni wa Oktoba. Kinachopungua Nanganga ni pesa ya Julai, tena pesa halali, kwa riba ambayo mkulima anaiona kabla hajatia dole gumba. Stakabadhi ya ghala inaweza kuwekwa dhamana benki, ila hutolewa baada ya korosho kufika ghalani, shida ikiwa imekwisha kupita. Ruzuku ya salfa iliyotolewa misimu ya karibuni imeondoa sababu moja ya kukopa, na kwa maoni ya safu hii imefanya zaidi ya vizuizi vya polisi barabarani.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria duka au usafirishaji katika njia hii, ulizo la kwanza si bei ya mnada ilifika ngapi. Aulize chama cha msingi cha pale huchukua siku ngapi kulipa baada ya mnada, na ni kiasi gani cha mavuno kimekwisha kuwekwa rehani. Palipo na rehani nyingi, pesa ya Novemba haitazunguka kijijini, bali itapitiliza moja kwa moja kwa mkopeshaji, na bati na baiskeli zitabaki dukani hadi msimu mwingine.