Je, Wajua? Kitanda cha Kuvuta Mgongo

Katika Ugiriki ya kale, mwenye kibiongo aliweza kufungwa kamba kwenye ngazi kichwa chini miguu juu, ngazi ikapandishwa hadi kwenye mnara, kisha ikaachiwa ishuke kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kilichotarajiwa kunyoosha uti wa mgongo. Maandishi yanayonasibishwa na Hippocrates, tabibu wa kisiwa cha Kos, yanaeleza namna ya kumfunga mgonjwa, halafu yanawakebehi wanaoipenda njia hiyo: wanataka tu watu wapigwe na butwaa.

Yenyewe yalisifu benchi. Mgonjwa analazwa kifudifudi, kamba zinamvuta huku na huku, naye tabibu anakandamiza kibiongo kwa kiganja, au anakikalia kabisa! Tabibu Al-Zahrawi wa Cordoba aliirithi mbinu hiyo, na mwaka 1465 Sabuncuoğlu, tabibu wa Anatolia, akaichora kwa rangi katika kitabu chake cha upasuaji.

Kitanda cha leo ni mjukuu wa benchi lile. Kimekatwa vipande viwili, na kipande cha chini kinateleza ili nguvu ya kuvuta isiishie kwenye msuguano wa mwili na godoro. Mkanda mmoja unabana mbavu, mwingine nyonga. Miguu inapumzishwa juu ya kigoda, magoti yamekunjwa. Mota inavuta kamba, inalegeza, inavuta tena, kwa dakika 15 au 20. Mtu wa kilo 80 anaweza kuvutwa kwa nguvu ya kilo 25 hadi 40, huku ameshika swichi ya kuzima mashine akizidiwa.

Hoja yake inaingia akilini. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yenye ukingo wa nyuzi ngumu na ute mzito ndani. Ute ukipenya ukingoni na kugusa neva, maumivu hushuka kutoka kalioni hadi unyayoni. Katika miaka ya 1950 Dk. James Cyriax wa London aliwafundisha wengi kwamba pingili zikitenganishwa, ute utafyonzwa kurudi ndani. Na kweli, picha zimeonyesha pingili zikiachana, ingawa ni kwa milimita chache tu.

Tatizo ni kwamba mgonjwa lazima ainuke. Akisimama, uzito wa mwili unazibana pingili upya. Isitoshe, mgongo hurefuka wenyewe kila usiku: asubuhi sote ni warefu kuliko jioni kwa sentimita moja hivi. Wanaanga hurefuka zaidi, wengine kufikia sentimita 5, kwa kuwa huko hakuna uzito wa kuwabana. Ungedhani migongo yao imestarehe, kumbe wengi huumwa mgongo siku za mwanzo!

Mwaka 2013 watafiti wa Cochrane, mtandao unaopima ushahidi wa tiba, walipitia majaribio 32 yenye wagonjwa zaidi ya 2,700 wa maumivu ya kiuno. Waliovutwa hawakupata nafuu ya maana kuliko wasiovutwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likashauri njia hii isitumike kwa maumivu sugu ya kiuno.

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba kitanda kimewaponya? Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, na ute uliochomoza mara nyingi hunywea, kwa kuwa chembe za kinga ya mwili huula kidogo kidogo. Kinachokuwepo siku ya nafuu ndicho kinachopewa sifa, na mashine yenye mota na mikanda haikosi mvuto.

Mjamzito, mwenye mifupa dhaifu, mwenye saratani au TB ya mgongo asivutwe kabisa. Anayeanza kufa ganzi sehemu za siri, au anayeshindwa kukojoa au kuzuia mkojo, huyo akimbizwe hospitali siku hiyohiyo, maana neva za mkiani mwa uti zikibanwa muda mrefu huenda zisirudi.