Mdai Mlangoni pa Jirani Yake

Jioni hii twataka kusema habari ya jambo ambalo Wakristo wengi hawalitaji katika sala zao, ingawa hulala nalo na kuamka nalo. Jambo hilo ni deni. Hatusemi deni la dukani lililoandikwa daftarini. Twasema deni la jirani kwa jirani: debe la mahindi lililotolewa wakati wa njaa, mbuzi wa kutimiza mahari, shilingi chache za kumpeleka mtoto hospitali. Deni kama hilo halina hati. Mvua ikikosekana, na siku ya kulipa ikapita, watu wawili waliokuwa wakisaidiana kulima hupitana njiani bila salamu, na Jumapili kila mmoja huketi upande wake wa kanisa.

Aliyekopesha akilalamika huambiwa upesi, "Samehe." Ni neno la kweli, lakini kinywani mwa mtu asiyepoteza debe lake ni neno jepesi mno. Basi na tuyatazame Maandiko yenyewe, maana yamesema habari za deni kinaganaga kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mdai amepewa ruhusa ya kuchukua rehani, lakini amekatazwa kuingia nyumbani mwa mdaiwa ili aitwae. Yampasa kusimama nje, na mwenye nyumba ndiye atakayetoka nayo. Mtu akiingiliwa nyumbani, mkewe na watoto wake huona vyungu vikipekuliwa na sanduku likifunguliwa, na tangu siku ile hana uso mbele yao. Sheria hii yamlinda na aibu hiyo. Tena mdai amekatazwa kushika rehani jiwe la kusagia, la juu wala la chini. Akina mama wanaotusikiliza hawana haja ya kuelezwa sababu. Na maskini akiweka rehani nguo yake ya kujifunikia, arudishiwe jua linapokuchwa, apate kulala. Twaweza kuuliza, rehani inayorudishwa kila jioni yamfaa nini mdai? Kwa kweli yamfaa kidogo sana. Yaonekana Torati haikuona vibaya kumtaabisha mdai kwa safari za jioni, ili mdaiwa asitetemeke kwa baridi usiku.

Sheria hizo zilisahauliwa mara nyingi. Nehemia alipokuwa liwali wa Yuda, katika karne ya tano kabla ya Kristo, watu walimlilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, na watoto wao wamekuwa watumwa. Nehemia alikasirika, akawakemea wakubwa mbele ya mkutano. Lakini angalieni: alikiri kwamba yeye mwenyewe, na ndugu zake, na watumishi wake, walikuwa wamewakopesha watu fedha na nafaka. Hakuanza na deni la mwingine akaliacha lake.

Sasa twende katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, kwenye mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, naye akamkaba koo mwenziwe kwa ajili ya dinari 100. Mara nyingi husemwa kwamba dinari hizo zilikuwa si kitu. Sivyo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, basi dinari 100 ni kazi ya zaidi ya miezi mitatu. Mtu akipotewa na jasho la miezi mitatu, ana haki ya kuumia. Bwana Yesu hakuifanya hasara ile kuwa ndogo. Aliiweka kando ya deni jingine. Talanta moja ilikuwa dinari 6,000 hivi. Herode Antipa, aliyetawala Galilaya siku zile, alipata talanta 200 kwa mwaka kutoka nchi yake, kama alivyoandika Yosefo. Hata yeye angalihitaji miaka 50 kulipa deni la mtumwa yule. Tena yule mwenziwe alipoanguka na kusihi, alitumia maneno karibu yale yale aliyoyatumia yeye mbele ya mfalme. Alisikia sauti yake mwenyewe, asiitambue.

Je, aliye na uwezo wa kulipa naye akakataa? Tusisahau kwamba sura hiyo hiyo, kabla ya mfano huo, yamwagiza aliyekosewa amwendee ndugu yake, wawili peke yao. Asiposikia, achukue mtu mmoja au wawili. Asiposikia tena, ndipo kanisa liambiwe. Kusamehe, basi, si kunyamaza. Lakini njia yaanza kwa watu wawili faraghani, wala si kisimani mbele ya wateka maji, mahali ambapo, twasikitika kusema, habari nyingi za madeni huanzia.

Na mdaiwa je? Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, yumo mjane ambaye mdai alikuwa akija kuwachukua wanawe wawili. Elisha alimtuma akaazime vyombo vitupu kwa jirani, na pamoja na deni lake lote jirani hawakumnyima. Mafuta yalipojaa vyombo, aliambiwa ayauze, alipe deni, kisha yeye na wanawe wale kilichobaki. Deni lilitangulia chakula cha nyumbani, hata baada ya mwujiza. Mdaiwa wa kwetu mara nyingi hufanya kinyume: hupata kidogo, akala, akapita njia ya nyuma ya migomba asionwe. Heri aende mwenyewe mlangoni pa jirani yake kabla hajaitwa, hata ikiwa mkononi ana kibaba kimoja tu cha lile debe, aseme ni mwezi gani ataleta cha pili.