Haiku kwa Kiswahili: mizani 17 za kila siku

HAIKU ni utungo wa Kijapani wenye vipande vitatu: cha kwanza mizani 5, cha pili 7, cha tatu 5. Jumla ni mizani 17. Haina vina na kwa kawaida haina anwani. Hutaja jambo moja lililoonekana, kusikika au kunuswa kwa wakati mmoja, kisha hunyamaza. Sisi tuliolelewa na tarbia tunajua kwamba mshororo mmoja wenye mizani 8 za ukwapi na 8 za utao una mizani 16. Kwa hivyo haiku nzima ni mshororo wetu mmoja, na mizani moja ya nyongeza. Na kwa kweli Wajapani wenyewe aghalabu huiandika haiku katika mstari mmoja wa wima. Kuigawa katika mishororo mitatu ni mazoea ya lugha nyingine.

Katika makala haya nakusudia kueleza mambo mawili: kwa nini umbo hili linakaa vizuri katika Kiswahili, na kwa nini napendekeza liwe zoezi la kila siku, hasa kwetu tunaoishi na kufundisha Kiswahili huku bara.

Tuanze na umbo. Mjapani hahesabu silabi kama Mwingereza. Huhesabu vipimo vidogo vya sauti, na sauti ya nazali inayosimama peke yake huhesabiwa kuwa kipimo kamili. Neno lao "hon", yaani kitabu, lina vipimo viwili: ho-n. Mshairi wa Kiswahili hashangai hapo, kwa sababu "mtu" kwetu ni mizani mbili: m-tu. Silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu, zao vilevile. Tena vitenzi vyetu hubeba mengi. "Hawakutuambia" ni neno moja, lakini lina nafsi mbili, wakati na ukanushi, na linajaza kipande chote cha mizani 7. "Hatukulala" linajaza kipande cha mizani 5. Watunzi wengi wa Kiingereza waliacha kuhesabu 17 kwa sababu silabi 17 za lugha yao hubeba maneno mengi mno kwa utungo wa aina hii. Mtunzi wa Kiswahili hana sababu ya kuacha. Tazama hii, kutoka daftari langu:

Mawe batini,
mwalimu asimama,
chaki hewani.

Ni maneno sita tu. Aliyewahi kusoma chini ya paa la mabati hapa Kakamega hahitaji kuelezwa kwamba mawe hayo ni ya mvua, wala kwamba hakuna sauti ya mwalimu inayoweza kushindana nayo. Angalia pia mkato ulio baada ya kipande cha kwanza. Wajapani wana maneno maalumu ya kukata, ambayo huugawa utungo katika picha mbili na kumwachia msomaji kazi ya kuziunganisha. Sisi tuna koma, nukta mkato na pumzi. Anayejua kutua kati ya ukwapi na utao anajua tayari kufanya hivyo.

Sasa tuje kwenye zoezi lenyewe. Haiku ilitokana na ubeti wa kwanza wa mashairi marefu ya kupokezana. Matsuo Bashō, aliyeishi kati ya 1644 na 1694, aliupa ubeti huo hadhi ya kusimama peke yake. Jina haiku lilikuja baadaye, likaenezwa na Masaoka Shiki katika muongo wa mwisho wa karne ya 19. Shiki aliugua kifua kikuu kilichoingia uti wa mgongo, akalala kitandani kwa miaka, akafa mwaka wa 1902 akiwa na umri wa miaka 34. Alichokuwa nacho ni chumba, bustani ndogo nje yake na kalamu. Fundisho lake lilikuwa: chora ulichokiona. Nusu karne baadaye, Richard Wright, mwandishi Mmarekani mweusi aliyehamia Paris, aliumwa sana na pia akafiwa na mamake. Katika miezi 18 hivi ya mwisho wa maisha yake alitunga haiku zipatazo 4,000. Alifariki mwaka wa 1960, na teule 817 alizozichagua mwenyewe zilichapishwa mwaka wa 1998.

Sisemi kwamba haiku ni dawa. Mimi si daktari. Ninachoona ni kwamba watu hao wawili walipata kazi ambayo mtu anaweza kuifanya hata siku ambayo hawezi kazi nyingine yoyote. Kazi hiyo inadai jambo moja tu: uwe hapo ulipo. Huwezi kuhesabu mizani za kumbikumbi aliye mbele yako huku fikira zako ziko kwenye deni la wiki ijayo. Kwa dakika tano unakuwa na kitu kimoja na maneno yake. Watu siku hizi hulipia mafunzo ya kutuliza nafsi, na si vibaya. Hili ni la bure.

Hata hivyo, kuhesabu peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kutimiza mizani zote na asione chochote. Chukua utungo huu, nilioutunga kwa ajili ya mfano:

Maisha haya
ni safari ya tabu,
tuvumilie.

Hesabu iko sawa: 5, 7, 5. Lakini maneno hayo yangeweza kuandikwa popote, na mtu yeyote, akiwa amefumba macho. Ni mawaidha. Ushairi wetu una mapokeo makuu ya mawaidha na siyadharau hata kidogo, ila haiku haifanyi kazi hiyo. Sasa linganisha:

Kuni kichwani,
nyanya apumzika
bila kutua.

Safari imo, tabu imo, uvumilivu umo, na hakuna hata kimoja kilichotajwa. Wanafunzi wangu hupata shida hapo. Tangu shule ya msingi wamefunzwa kupamba insha kwa methali na tamathali za kukariri, kiasi kwamba jua likichomoza katika insha zao huchomoza kwa namna ileile, liwe la Lamu au la Lurambi. Zoezi la haiku huwanyang'anya mapambo hayo na kuwauliza: wewe uliona nini leo?

Swali hilo ndilo linalotufikisha kwenye jambo zito zaidi. Haiku ya jadi huwa na neno la msimu, na Wajapani wana makamusi mazima ya maneno hayo. Maneno yetu ya misimu ni yapi? Kiswahili sanifu kinatupa masika, vuli, kipupwe, kiangazi, kusi na kaskazi. Ni maneno mazuri, yenye historia ya bahari, pepo za msimu na majahazi. Lakini Kakamega haina kusi. Hapa hunyesha takriban milimita 2,000 kwa mwaka, mara nyingi alasiri, na mvua haikatiki sawasawa baina ya masika na vuli kama ilivyo pwani; hupungua tu kati ya Desemba na Februari. Mtoto wa Shinyalu anayeandika "kaskazi ilivuma" ameandika Kiswahili fasaha kuhusu mahali asipopajua.

Je, maneno ya misimu ya hapa ni yapi? Nianze kuyataja, nawe uongeze: kumbikumbi, ambao wengi hapa huwaita tsiswa, wanaporuka baada ya mvua, mvua ya mawe, mahindi mabichi ya kuchoma, trela za miwa barabarani, ukungu wa asubuhi juu ya Msitu wa Kakamega, wenye takriban kilomita 240 za mraba, kwarara wanaopiga kelele alfajiri, mzizi wa mukombero unaouzwa mjini, mchungu kwanza kisha mtamu. Baadhi ya maneno hayo hayatumiki sana nje ya eneo hili. Basi na yaingie! Kiswahili cha pwani kilijaa kwa sababu wavuvi, wakulima na manahodha waliita vitu vyao kwa majina waliyokuwa nayo. Nasi tuna haki hiyohiyo. Lugha inayofundishwa bara bila kuona bara itabaki kuwa lugha ya mtihani. Katika miaka ya 2000, vilabu vya haiku vya wanafunzi jijini Nairobi vilikusanya maneno ya misimu ya Kenya chini ya jina Kenya Saijiki, ingawa zaidi kwa Kiingereza. Kazi ya Kiswahili bado inatungoja.

Najua wapo watakaouliza: ati hilo nalo ni shairi? Ni swali la haki, na tumewahi kulijadili kwa ukali. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziweka sheria za utunzi kitabuni mwaka wa 1954, na Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka wa 1974, ubishi juu ya vina na mizani uliwaka. Haiku inakaa katikati ya ugomvi huo. Haina vina vya lazima, lakini kwa mizani haina msamaha. Utungo wa mishororo mitatu si mgeni kwetu pia, tathlitha ipo. Wala sipendekezi haiku ichukue nafasi ya tarbia au utenzi. Ni kama mwimbaji anayefanya mazoezi ya sauti kila asubuhi: kwaya haipotezi kitu.

Ukitaka kuanza, chukua daftari dogo na uchague saa moja isiyobadilika. Mimi huchagua alasiri, mvua inapokaribia. Tazama kitu kimoja. Andika jina lake halisi; kama ni mti, ni mti gani? Kama hujui, muulize mkulima aliye karibu, maana huo nao ni utafiti. Usiseme "kama" wala "mithili ya". Usitaje huzuni wala furaha, taja kilichokuletea. Hesabu kwa vidole. Soma kwa sauti, ukikwama hapo ndipo pa kurekebisha. Tia tarehe, funga daftari. Yangu ya juzi jioni ni hii:

Taa ya duka:
kumbikumbi waruka,
paka angoja.

Si kazi kubwa, na haikukusudiwa kuwa kubwa. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja tu, kisha usome kurasa zako 30 kwa mfululizo. Utakuta umeandika, bila kukusudia, kalenda ya mahali unapoishi, kwa Kiswahili.