Kwa nini Mto Nairobi huwa mweusi ukifika Grogan

Wasomaji wanazidi kuuliza: ikiwa Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukiwa safi, mbona ukifika eneo la Grogan jijini ni mweusi na unanuka mayai viza?

Mto umeishiwa oksijeni. Katika mwinuko wetu huu, lita moja ya maji safi hubeba takriban miligramu 7 tu. Sasa chukua damu ya kichinjio inayoingia mtoni. Bakteria wakiila lita moja, hutumia zaidi ya gramu 100 za oksijeni. Piga hesabu: lita hiyo moja humaliza oksijeni ya zaidi ya lita 10,000 za maji ya mto. Majitaka ya mitaa ya Kawangware na Kangemi huongeza mzigo uo huo. Oksijeni ikiisha, bakteria wengine hushika zamu, wale wanaopumua kwa salfeti. Hao hutoa hidrojeni salfaidi, ndiyo ule uvundo. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilicho kwenye tope, hufanyika salfaidi ya chuma, nyeusi tititi.

Ndiyo maana wauzaji wa "dawa ya kusafisha mto" kwa mitungi wananiudhi. Wanauza bakteria kwa mto uliojaa bakteria! Na wanaosema maji yakichemshwa hayana neno lolote, wasikie: moto huua vijidudu vya kipindupindu, lakini risasi ya betri kuukuu haiendi na mvuke. Hubaki sufuriani.

Wananchi nao wana nafasi yao: Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, vinavyoshirikiana na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kule Ondiri, kikundi cha wenyeji, Friends of Ondiri, kimepanda mianzi na miti ya kiasili kandokando ya kinamasi na hupiga kelele kinapovamiwa. Kazi hiyo inalinda chemchemi. Lakini hakuna kikundi cha kujitolea kinachoweza kujenga bomba la majitaka. Mwaka 2008 waziri John Michuki aliongoza usafishaji wa mto katikati ya jiji. Uchafu ulirudi kwa sababu majitaka ya sehemu za juu za mto hayakuzibwa.

Usinywe maji hayo, wala usiyanyunyizie mboga. Ukiona bomba linalomwaga majitaka mtoni, ripoti kwa mamlaka ya mazingira, Nema, au chama cha watumiaji maji cha eneo lako, ukitaja mahali na saa. Na wanaopanga kusafisha mto waanze na mabomba ya majitaka ya Dagoretti na Kangemi kabla ya bustani za katikati ya jiji.