Wasomaji Waliosemekana Hawapo

Mwaka 1942, John H. Johnson, kijana wa miaka 24 mjini Chicago, alikuwa na wazo la jarida la watu Weusi lakini hakuwa na fedha. Aliowaendea kuomba mtaji walimwambia jarida la namna hiyo halitapata wa kulisoma. Alikuwa ameajiriwa na Supreme Liberty Life, kampuni ya bima iliyomilikiwa na Weusi, na ofisini humo kulikuwa na orodha ya majina na anwani za wateja wapatao 20,000. Mama yake akakubali samani za nyumbani ziwekwe rehani, Johnson akakopa dola 500 za stempu, akawaandikia wateja wote akiwaomba watangulize dola 2 za kujiandikisha. Wapatao 3,000 wakalipa. Kwa fedha hizo likachapishwa toleo la kwanza la Negro Digest, na miaka 3 baadaye likafuata Ebony.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya ujasiri, na ujasiri ulikuwapo. Lakini kwa sisi wa biashara ya vitabu, jambo kubwa ni ile orodha. Kila jina lililokuwamo lilikuwa la mtu mwenye anwani ya kudumu, aliyezoea kutoa malipo madogo kwa utaratibu, tena aliyekwisha kuiamini taasisi ya Weusi wenzake kwa fedha za familia yake. Johnson hakuwaandikia "watu Weusi" kwa jumla. Aliwaandikia watu hasa, na alijua kwa nini wangemsikiliza.

Miswada mingi huja mezani ikiwa na barua inayosema kitabu kimekusudiwa "wasomaji Weusi wa Marekani". Nchi hiyo ina zaidi ya watu Weusi milioni 40. Yumo mama mzee wa kanisa huko Georgia, yumo mwanafunzi wa uuguzi wa Houston, yumo mwalimu mstaafu wa Detroit, yumo baba aliyehamia Brooklyn kutoka Jamaika. Rangi yao inaweza kuwapatia askari mmoja wa kuwasimamisha barabarani, lakini haiwapi kitabu kimoja cha kusoma. Naamini kwa dhati kwamba mwandishi anayetaka kuwafikia hana budi kuuliza maswali mawili mengine kabisa: msomaji wangu hukaa wapi na wenzake, na akiwa hapo humwamini nani?

Waliolijua hili zamani hawakulisoma popote. David Walker aliuza nguo kuukuu mjini Boston, na mwaka 1829 alipochapisha wito wake mkali dhidi ya utumwa, nakala zilisafiri hadi bandari za Kusini mikononi mwa mabaharia, nyingine zikiwa zimeshonewa ndani ya nguo. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905, lilipelekwa Kusini na wahudumu Weusi wa mabehewa ya kulala ya Pullman, kisha likasomwa kwa sauti kwa vinyozi na makanisani, hata asiyejua kusoma akalijua lilisema nini wiki hiyo. Njia zilikwishakuwapo, na maandishi yakapitishwa humo.

Njia ikiwa mikononi mwa mwingine, huyo mwingine ndiye anayeamua msomaji ni nani. Mwaka 1940 klabu ya vitabu ya Book-of-the-Month ilikubali kuwasambazia wanachama wake riwaya ya Richard Wright, Native Son, kwa sharti kwamba baadhi ya vipengele vibadilishwe. Miongoni mwa vilivyolainishwa ni mahali palipoonyesha tamaa ya msichana wa Kizungu kwa kijana Mweusi. Wright alikubali, na nakala zaidi ya 200,000 zikauzwa katika wiki 3. Miaka mitano baadaye klabu hiyo hiyo ikaichukua Black Boy bila sehemu yake yote ya pili, inayoeleza maisha ya Chicago. Kitabu cha sehemu hiyo kilitoka mwaka 1977, Wright akiwa amekufa miaka 17. Siwezi kumlaumu mtu aliyekuwa akitafuta riziki ya kalamu. Lakini nasisitiza kwamba kumchagua msomaji hakuanzii kwenye matangazo. Huanzia kwenye sentensi. Toni Morrison, aliyekuwa mhariri wa Random House katika miaka ya 1970, alilishikilia hilo hadi mwisho wa maisha yake: aliandika bila kusimama kumfafanulia Mzungu mambo ambayo msomaji Mweusi anayajua kwao.

Hata hivyo, hadi miaka ya 1980 wachapishaji wakubwa wa New York waliendelea kuamini kwamba Weusi hawanunui riwaya. Terry McMillan alipotoa Mama mwaka 1987 na kuona hakuna kampeni ya maana iliyopangwa, aliketi akaandika barua zaidi ya 3,000 yeye mwenyewe. Aliwaandikia wenye maduka ya vitabu, vyuo na jumuiya za Weusi, akiwaomba waagize kitabu au wamwalike akisome. Toleo la kwanza likamalizika. Mwaka 1992 Waiting to Exhale ikapanda kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi nchini humo, na haki za toleo la jalada laini zikanunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Walionunua walikuwa hasa wanawake Weusi wenye kazi na kipato, waliokuwa wamengoja riwaya yenye wanawake kama wao, wanaopenda, wanaoachwa na wanaopigiana simu usiku. Wanawake hao walikuwapo muda wote. Hakuna aliyekuwa amewaandikia barua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa E. Lynn Harris, aliyeacha kazi ya kuuza kompyuta ili aandike. Riwaya yake Invisible Life inamhusu kijana Mweusi msomi anayewapenda wanaume na wanawake, na wachapishaji waliikataa. Mwaka 1991 akaichapisha kwa fedha zake, akapakia nakala kwenye buti ya gari, akazunguka nazo Atlanta. Alikwenda kwenye saluni za wanawake, akaacha vitabu wavisome wanaongoja zamu.

Hapo pana hesabu ambayo idara nyingi za masoko zingeikosea. Mtu angetazama mada akasema wasomaji ni wanaume wenye maisha kama ya mhusika, waliokuwa wachache na wengi wao wakijificha. Harris aliona kwamba siri ya mwanamume huyo ni habari ya mwanamke anayeishi naye. Na mwanamke huyo angepatikana wapi kwa utulivu kama saluni? Kusuka au kunyoosha nywele huchukua saa nyingi. Mteja amekaa, hana pa kwenda, na mazungumzo ni ya mapenzi na ndoa. Nakala moja hupita mikono mingi kwa siku, na mwenye saluni akisema kitabu ni kizuri, neno lake lina uzito kuliko tangazo la ukurasa mzima. Mwaka 1994 Anchor ikakichapisha upya kitabu hicho, na Harris alipofariki mwaka 2009 vitabu vyake vilikuwa vimechapishwa kwa mamilioni.

Mafanikio hayo yalizaa tatizo jingine. Maduka makubwa yalianza kutenga rafu ya vitabu vya Wamarekani Weusi. Rafu ilimfaa aliyetaka kuvipata haraka, lakini iliweka pamoja mshairi, mwanahistoria na mwandishi wa hadithi za magenge kwa sababu ya rangi zao tu. Mwaka 2006 mwandishi Nick Chiles alilalamika katika New York Times kwamba kazi zake zilikuwa zimezingirwa na majalada ya miili iliyo nusu uchi. Mimi simdharau msomaji wa hadithi hizo. Wengi walizinunua kwenye meza za barabarani Harlem kabla ya duka lolote kuzikubali. Lakini wasomaji wawili tofauti waliosongamanishwa kwenye rafu moja, kila mmoja hupotewa na kitabu chake.

Kuna pia kosa la kuchanganya kitabu kinachowahusu Weusi na kitabu kilichoandikwa kwa ajili yao. Baada ya George Floyd kuuawa mwezi Mei 2020, maduka ya vitabu ya Weusi yalifurika maagizo kuliko yalivyoweza kuyahudumia. Kilichoagizwa sana ni vitabu vya kuelezea ubaguzi, na wanunuzi wengi walikuwa Wazungu waliotaka kuuelewa. Mauzo hayo yalikuwa ya kweli na maduka yaliyahitaji. Mchapishaji aliyeyasoma kama dalili ya anachotaka msomaji Mweusi alisoma vibaya, maana huyo alikuwa akiuishi ubaguzi na labda usiku ule alitaka hadithi ya mapenzi.

Mwandishi wa Afrika Mashariki asidhani kwamba ngozi ni tiketi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa na riwaya 10 alipopewa Nobel Oktoba 2021, na bado vitabu vyake vilikuwa adimu katika maduka ya Marekani. Afterlives, iliyotoka Uingereza mwaka 2020, iliwafikia wasomaji wa Marekani mwaka 2022. Kinyume chake, Muriel Feelings, Mmarekani Mweusi aliyewahi kufundisha Uganda, aliandika kitabu cha watoto cha kuhesabu kwa Kiswahili, Moja Means One, mwaka 1971, kikiwa na michoro ya Tom Feelings. Kilipata tuzo ya heshima ya Caldecott na kikapendwa, kwa sababu wazazi na walimu waliokitaka walikuwa wamekwisha kujitokeza. Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, ilikuwa imeanza mwaka 1966, na maneno ya Kiswahili yalikuwa yakifundishwa sebuleni.

Kwa hiyo mwenye riwaya ya Lamu au Tanga anayetazama upande huo ashughulikie mambo madogo mapema. Asiachie kitabu kitolewe Februari, mwezi wa historia ya Weusi, ambapo maduka hujaa vitabu vya namna hiyo na Machi kuviondoa mezani. Atafute vyama vya akina dada wahitimu, kama Alpha Kappa Alpha, kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908. Vina matawi nchi nzima, na wanachama wengi ni wasomaji wa vikundi. Awaandikie wakutubi wa vitongoji, wachungaji wenye vikundi vya kusoma, na Marcus Books ya Oakland, ambayo imekuwa ikiuza vitabu vya Weusi tangu 1960. Barua iwe fupi, iwe na jina la anayepelekewa, na iseme waziwazi ni mtu gani katika jamii yake atakayekipenda kitabu hicho na kwa nini. Nakala ya bure iambatane nayo, miezi minne au mitano kabla ya siku ya kutoka, maana vikundi hivyo hupanga vitabu vyao mapema.